Kuoga Duara Likitema

Machimboni Mwakitolyo, shimo la dhahabu tunaliita duara, na duara likianza kutema mawe yenye dhahabu hakuna kuoga. Wachimbaji wote wa shimo hilo mnakaa na vumbi lenu na nguo zenu zilezile mpaka mzigo uishe, maana maji yanaondoa bahati. Niliishika sheria hiyo kwa miaka, wala sikuiuliza. Ukiuliza unaonekana umetumwa.

Binti yangu analelewa na dada yangu, kule kijijini Didia. Mama yake alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa, na mimi maziwa ningeyatoa wapi. Alipofika darasa la pili, siku moja duara likiwa linatema, nikaenda kumwona hivyohivyo, nimekaukiwa udongo mpaka kwenye kope. Akanipa shikamoo kutoka mlangoni. Nikaitikia marahaba, nikamwambia asogee basi. Akazunguka nyuma ya dada, akashika kitenge chake, na hakutoka tena hadi naondoka. Dada akasema eti mtoto ana aibu. Aibu gani? Yule aliniogopa.

Njiani nilikasirikia kila mtu, mwisho hasira zikanirudia mwenyewe. Nilitaka niwe baba ambaye mtoto akimwona anakuja kumpokea. Nilitaka siku moja nimchukue tukae wote. Sasa baba wa namna hiyo yukoje? Wangu alikuwa mtu wa ng'ombe, tulimjua kwa mgongo tu. Nikajiambia, kwa vyovyote vile, jioni anaoga. Nikaanzia hapo.

Wenzangu wakielekea kilabuni, mimi nyuma ya turubai na beseni. Walinicheka, wakaniita bwana harusi. Na mimi kichwa ngumu, ukinicheka ndiyo umenichochea. Nikishaoga naona shati safi haliwezi kwenda kukaa kwenye pombe, basi nabaki nyumbani kupika. Nikishapika nakula nimekaa, kwenye sahani, siyo kwenye sufuria nimesimama. Tabia moja ilikuwa inaita nyingine.

Kisha duara likakauka. Maduara hukauka, ndiyo kawaida yake, ila safari hii palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuniamkia. Nikisogea kwenye chai, kila mmoja anakumbuka ana kazi mahali. Watu tulioshushana kwa kamba moja! Mwenye duara akaniita pembeni.

"Sikiliza bwana. Hapa ni maji au duara. Chagua."

Nikachagua. Nilidhani nitajiona shujaa. Wapi.

Nikahamia Isaka, kupakua mizigo ya malori, nikapanga chumba. Jioni naoga, napika, najikaribisha mwenyewe, nakula, naosha sahani moja. Hakuna wa kunicheka wala wa kuona kwamba nimebadilika. Watu wanakuhimiza ubadilike, hawakuambii kwamba wanaokufahamu wanamfahamu yule wa zamani, na huyu mpya hana hata wa kumpa habari za kutwa. Nilikuwa mpweke mpaka nikatamani kuitwa bwana harusi.

Jumapili ndiyo ilinishikilia. Asubuhi napanda basi hadi Didia. Mwanzo binti alikaa mbali, akinichungulia. Baadaye akawa anakaa ubavuni, ananisimulia ya shule, nani kachapwa na nani kadanganya kwamba anaumwa tumbo. Nikaona sasa imetosha. Nikatengenezesha kitanda cha pili, nikakifungia chandarua. Jumapili iliyofuata, tukimenya karanga huku dada anasonga ugali, nikamwambia binti kwamba kule Isaka kuna kitanda chake na shule iko karibu, twende tukaishi.

Akamaliza kumenya aliyoishika.

"Baba, hapa ndiyo kwetu."

Iliniuma, sidanganyi. Nikasema sawa mwanangu, nikainuka, nikasingizia kwamba basi la jioni siku hizi linawahi. Dada alikuwa ndiyo anapakua chakula, nami sikungoja.

Dada alinifuata mpaka barabarani, akaniuliza kama nitaendelea kuja. Nikamjibu sijui, na kweli sikujua. Yote niliyafanya kwa ajili ya jibu lingine. Dada akaniangalia kama anavyomwangalia ndama aliyekataa kunyonya. Akasema sina akili. Mtoto yule Jumapili hagusi chakula mpaka nifike nikae naye. Ile wiki basi lilipoharibikia Tinde nikashindwa kufika, walimbembeleza, wakamgombeza, akalala na njaa.

"Na leo umeondoka hujala," akasema.

Basi likaja, utingo ananiita kwa mkono. Nikaliacha lipite. Niliporudi ndani nilimkuta binti amekaa peke yake mbele ya ugali unaopoa, hajanawa hata mikono.