Gundi Iliyogawanywa kwa Haki

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika hapa Kaisho. Mbele yangu mzee mmoja alikumbatia taa ya kioo iliyong'oka shingo yake ya shaba. Nyuma yake, mama jirani yake alishika kioo cha kujitazamia kilichobanduka kwenye fremu ya bati.

"Gundi ya mbao haishiki kioo," alisema muuzaji. "Inayoshika kioo na chuma ni hii, na imebaki pakiti moja."

"Nimetangulia mimi," mzee akasema.

"Kwani mimi si mwanachama?" mama akauliza.

Foleni ikapiga kelele: "Gawa!" Muuzaji, ambaye siku hizi hata mche wa sabuni anatukatia vipande, akafungua pakiti. Ndani mlikuwa na mirija miwili. Akampa kila mmoja wake, tukapiga makofi.

Ijumaa, tukiwa tena kwenye foleni, wote wawili walirudi, vidole vinanata, gundi bado mbichi kama uji. Ndipo muuzaji alipoisoma karatasi ya pakiti: mirija yote miwili ichanganywe kwanza, la sivyo gundi haikauki.

Mama akampigia mzee goti kidogo. "Shikamoo, baba. Mrija wako umebaki?"

"Marahaba. Umebaki nusu."

Wakaondoka pamoja. Foleni nzima tukatazama chini. Haki tuliipigia makofi sote. Karatasi, siku ile, hakuisoma hata mmoja.