Zamu ya Fausta

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ina nyumba kumi na tisa, na kila Alhamisi jioni tunasali katika nyumba mojawapo kwa zamu. Mimi ndiye katibu, na orodha ya zamu naiandika mimi. Kwa miaka tisa niliiandika bila jina la Fausta Lihami. Hakuna aliyeniagiza nimruke. Alipohamia mtaani kwetu, mwenyekiti wetu Serafina alisema chumba chake ni kidogo, watu hawatatosha. Nikaliacha jina lake, na kila mwaka uliofuata nikanakili orodha ya mwaka uliopita.

Fausta alizaliwa Idete, kwa wakulima wa mpunga. Akiwa na miaka kumi na saba alitokwa na baka mgongoni, halikuwasha wala kuuma, na kitu kisichouma nani atakishughulikia wakati wa kupandikiza mpunga? Akaolewa. Siku moja, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliepua chungu jikoni kwa mikono mitupu. Mumewe alisikia harufu ya nyama inayoungua, akageuka, akamkuta mkewe amesimama na chungu mikononi anamuuliza kuna nini. Wiki mbili baadaye akamrudisha kwao.

Hospitali walimwambia ni ukoma. Alikunywa vidonge mpaka akamaliza dozi, wakampima, wakamwambia amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ganzi ya mikono haikuondoka, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekatika kwa vidonda. Muuguzi mmoja alimweleza jambo ambalo hakulisahau: ugonjwa wenyewe hauli vidole. Kinachovimaliza ni kutosikia maumivu, kwa sababu mtu asiyeumia hajilindi.

Alirudi Idete. Kaka yake, Nickolaus, alimpokea vizuri. Alimpa chumba, akampa na sahani yake, kikombe chake, na kigoda chake karibu na mlango. Hakuna aliyemsema vibaya. Alivumilia mavuno mawili, kisha akaondoka kuja Ifakara.

"Wangenitukana ningekaa," aliniambia baadaye. "Tusi unaweza kulijibu. Kikombe utakijibu nini?"

Hapa mjini alisuka mikeka ya ukindu. Chakula hakuuza, alijua hakuna atakayenunua. Alisuka kwa macho. Wengine vidole vyetu vinajua vyenyewe sindano iko wapi, yeye ilibidi aitazame kila inapoingia na kutoka, na mara nyingi aliona damu kwenye ukindu ndipo akajua amejichoma. Kila jioni aliloweka mikono kwenye beseni, akaipaka mafuta, akaikagua kidole kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. Joto la maji alilipima kwa kiwiko.

Kanisani alikaa benchi la nyuma. Wakati wa kutakiana amani watu walimpa tabasamu na kuinamisha kichwa, kisha wakageuka kushikana mikono wao kwa wao. Corona ilipokuja tukaambiwa wote tusishikane mikono, tuinamishe vichwa tu. Fausta alisema huo ndio wakati aliokuwa kama watu wengine. Kisha corona ikapungua, mikono ikarudi, na yeye akabaki na vichwa.

Nayasema haya kwa utaratibu kana kwamba niliyajua zamani. Sikuyajua. Niliyajua mwaka juzi, baada ya Majilio.

Alhamisi ya kwanza ya Majilio tulisali kwa Serafina. Katekista wetu, Mwalimu Martin, alikuja kutuandaa kwa Noeli. Ni mtu mpole, amefundisha katekisimu miaka ishirini na sita, na anafundisha kama anavyolima, mstari kwa mstari. Alituambia kwamba Mungu, ambaye hakuna mbingu inayoweza kumtosha, alifanyika mtu katika tumbo la Maria. Akasema hakujifananisha na mtu kwa nje tu. Alitwaa mwili wa kweli, akasikia njaa, akachoka, akaumia. Kisha akauliza kama kuna swali. Huwa hakuna.

Fausta alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Samahani, mwalimu. Kabla hajazaliwa, Mungu alikuwa anaumia?"

"Hapana," Martin akajibu. "Mungu ni roho. Kwa umungu wake haumii."

"Basi alikuwa kama mkono wangu huu."

Aliuinua mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu. Sikumbuki kama kabla ya hapo niliwahi kuutazama.

Serafina akasema taratibu, lakini kwa ukali, "Fausta, Mungu hafananishwi na ukoma. Hapa tuko kwenye sala."

"Sijasema ukoma, mama mwenyekiti. Nimesema ganzi." Akaushusha mkono magotini. "Mkono huu una nguvu. Unabeba ndoo, unasuka mkeka. Ila hauumii. Watu wanadhani asiyeumia ana bahati. Mimi nimeishi hivyo, si bahati. Unakaa peke yako hata ukiwa umeshika kitu. Sasa mwalimu anasema Mungu alikuwa haumii, akaondoka huko kuja kutafuta ngozi inayouma. Nataka kujua kwa nini, maana mimi ngozi hiyo naitafuta mwaka wa thelathini na tano huu, sijaipata."

Martin alifungua kinywa. Nilijua jibu atakalotoa, sote tulilikariri tukiwa wadogo.

"Kwa ajili ya wokovu wetu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Hilo nalijua," Fausta akasema.

Tukafunga sala. Serafina aligawa chai. Fausta aliaga kabla kikombe hakijamfikia.

Jumamosi Martin alikwenda kwake peke yake. Aliporudi alipita nyumbani kwangu, akakaa barazani.

"Nilikwenda kumwambia sina jibu zaidi ya lile la kitabu," akasema. "Akaniambia basi tukae tu. Tukakaa. Katibu, mwanamke yule ana mkeka mkubwa chini ya kitanda, umefungwa kwenye nailoni. Nikamuuliza ni wa mteja gani. Akasema ni wa jumuiya. Aliusuka mwaka aliohamia, ili zamu yake ikifika watu wapate pa kukaa, kwa kuwa viti hana."

Nilileta daftari la orodha, nikalifungua mbele yake. Alisoma majina yote kumi na nane, akanirudishia. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikafuta jina langu kwenye Alhamisi ya mwisho kabla ya Noeli, nikaandika la kwake.

Siku hiyo walikuja watu saba. Wengine mvua iliwazuia, au walisema hivyo. Serafina alikuja, na naamini alikuja kwa sababu ya uenyekiti. Fausta alikuwa ametandika ule mkeka uani, chini ya bati la mwenye nyumba. Ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuona Ifakara, wenye mistari ya zambarau na kijani, na tulipokaa sisi saba ulibaki wazi zaidi ya nusu. Aliuangalia upande ule mtupu mara nyingi.

Tulisali Malaika wa Bwana. Tulipofika pale Neno anapotwaa mwili tulipiga goti, kama kawaida. Mbele yetu sufuria la chai lilikuwa kwenye jiko la mkaa, na baada ya sala Fausta akainuka kulihudumia. Alikuwa na haraka ya mtu ambaye hajawahi kupata wageni. Hakutafuta kitambaa. Alilishika sufuria pande zote mbili kwa mikono mitupu, akaliinua, akawa anatuuliza nani anakunywa bila sukari.

Serafina ndiye aliyekuwa karibu. Akapiga yowe, yowe la mtu aliyeungua yeye. Alirukia lile sufuria, akalisukuma likamwagika, akaishika mikono ya Fausta akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, yake na ya mwenzake pamoja. Walipiga magoti hivyo kwenye matope. Serafina alikuwa analia, anasema, "Inauma, jamani, inauma," na Fausta alikuwa anamtuliza.

"Hainiumi, mama mwenyekiti. Pole. Usilie."

"Mimi inaniuma," Serafina akasema.

Hakuiachia. Fausta alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ndani ya ndoo. Aliniambia baadaye alichokuwa anakiona: vidole vya mtu mwingine vimeshika vyake, ndani ya maji, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Aliviona. Hakuvisikia. Ilikuwa kama kutazama picha ya mtu anayeshikwa mkono. Ni Serafina alipopandisha viganja vyake mpaka juu ya vifundo vya mikono, pale ganzi inapoishia, ndipo Fausta aliposikia ubaridi wa maji na joto la mtu kwa pamoja, akaanza kutetemeka.

Vidonda vilikuwa vibaya. Kwa siku nne Serafina alimpeleka kufungwa bandeji, akampikia uji, akamlisha. Siku ya tano binti yake aliyeolewa Mlimba akajifungua, na yeye akapanda treni kwenda kumuuguza. Hakuna wa kumlaumu. Sisi wengine tulikuwa na mashamba.

Siku ya Noeli mvua ilinyesha tangu alfajiri. Fausta hakwenda Misa, asingeweza kuvuka matope bila kulowesha bandeji. Mchana nilimpelekea wali na nyama. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono yote miwili imelala magotini, myeupe kama vifurushi. Nikamlisha. Sikuwa hodari, nilimwangushia wali kifuani.

Nilipomaliza nikamuuliza kama amesali.

"Nimesali. Nimemwomba aniumize kidogo. Hapa kwenye kidole gumba tu, nijue kipo."

"Amekujibu?"

"Bado." Akaitazama mikono yake. "Zamani nilikuwa naomba hilohilo, naona aibu, kama ninayemwomba mtu kitu asichokijua. Leo sikuona aibu. Anakijua. Alikuja kukitafuta."

Kisha akaniambia niondoke mapema, mvua inarudi, na njia ya upande wetu hujaa maji upesi.