Diezi Mbele ya Jina la Mama Sekretere

Biro yetu ya Goma ilikuwa inauza samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, na mimi nilikuwa mutu wa informatike, yaani wa kompyuta. Kwenye mashine yetu kuukuu kulikuwa na faili moja yenye majina ya wote wanaoruhusiwa kuingia. Shefu, aliyekuwa ametoka kwenye formasyo ya kujifunza kompyuta, alitaka kuigusa kwa mikono yake mwenyewe.

Siku alipomfukuza mama sekretere, kwa kosa la kusema mbele ya watu kwamba binamu ya shefu hajui kuandika barua, alifungua ile faili akaweka diezi, hii #, mbele ya jina la yule mama.

"Papa, ufute mustari wote," nikamwambia. "Kwa faili zingine diezi inafanya mashine iruke mustari. Kwa hii yetu inakuwa herufi ya jina tu. Mulango unabaki wazi."

"Formasyo tulienda na wewe?"

Kisha, mahali pa jina kamili, akaandika maelezo: *Amefukuzwa kwa Kiburi*. Akajiegemeza kitini, ameridhika.

Binamu akapewa meza, pamoja na ripoti ya wafadhili. Aliandika kichwa cha habari, akaishia hapo.

Nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, mama sekretere alifungua laptop, akaingia mashine yetu kama alivyozoea siku za mvua alipofanyia kazi nyumbani. Katika majina ya kuchagua akaona lake limeota diezi. Akalichagua, akaweka neno lake la siri, mashine ikakubali.

"Nilitafuta tu picha za ubatizo wa mutoto wangu," alinieleza baadaye. "Nikakuta ripoti imelala pale kama mugonjwa. Nikaionea huruma."

Akaiandika yote. Shefu alipoikuta imekamilika, alimsifu binamu mbele yetu sote na kumnunulia soda. Binamu aliinywa hadi tone la mwisho.

Wageni walipofika, ripoti ikaonyeshwa ukutani. Chini ya kichwa, mashine ilikuwa imejaza yenyewe jina kamili la mwandishi, kutoka kwenye ile faili. Mama mmoja wa wafadhili alilisoma polepole.

"Kazi nzuri. Huyu Amefukuzwa kwa Kiburi ni nani?"

Shefu alinitazama. Mimi nikatazama ziwa kupitia dirisha.

"Leo hayuko," shefu akajibu.

"Basi mumuite. Tunamungojea."

Mama sekretere alikuja amevaa kitenge chake cha misa, akasalimia kila mutu, akajibu maswali yote ya samaki. Shefu ndiye aliyemletea kiti.

Kabla wageni hawajaondoka, mama alikuwa amerudishiwa kazi. Nilifuta ule mustari, nikaandika mwingine mpya, naye akiwa nyuma yangu anakagua kila herufi. Binamu alihamishiwa getini kupokea wageni, na kwa kweli ana uso mzuri wa kazi hiyo. Shefu hakunigusia tena habari ile. Jumatatu mama sekretere alikuta wauzaji wa samaki wamejaa mlangoni wakimsubiri, akavua koti, akaanza kumhudumia aliyekuwa karibu.