Habari Alizotoa Lemayian

Asubuhi hiyo nilikuwa nakanda unga wa chapati. Mume wangu, Lemayian, alikuwa akichora nyumba tuliyotaka kujenga Kitengela kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Tulifanya kazi kwa tajiri mmoja huko Kuwait, mimi mpishi, yeye dereva. Alitaka mlango uelekee barabara ya Kajiado, ili mamake, akija kutoka Mashuuru na binti yetu Naserian aliyekuwa akimlea, aone tumefungua.

"Utatuletea vumbi lote la Kajiado," nikamwambia. Akacheka.

Siku mbili baadaye wanajeshi wa Iraki walikuwa mjini. Tajiri alitoroka na familia yake, akatuachia funguo na redio.

Kila jioni tulitafuta sauti ya nyumbani. Lemayian alitaka serikali yetu iseme wazi. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba inyamaze mpaka tutoke. Jioni moja ikasema: Kenya inalaani uvamizi, wanajeshi waondoke Kuwait. Lemayian alisimama wima. Nilimwonea fahari, na nikaogopa.

Tulipata nafasi kwenye lori la kwenda Jordan. Kwenye kizuizi, askari wa Iraki alitazama pasipoti zetu, akauliza kwa Kiarabu nchi yetu inasemaje kuhusu vita.

"Hatujui," nikajibu haraka.

Lemayian alinigeukia kwa mshangao. Kwao Wamaasai, msafiri akiulizwa habari huzitoa zote, hafichi hata ng'ombe aliyekufa.

"Tunajua," akasema. "Wamesema mtoke."

Askari akamwamuru ashuke.

"Enda tu, Mama Naserian. Niko nyuma yenu."

Lori likaondoka. Sikumwona tena.

Serikali ilisema kweli, na hata leo nisingetaka iseme jingine. Lakini namtamani mume wangu kila jioni. Nyumba niliijenga, mlango unaangalia barabara ya Kajiado. Vumbi linaingia kama nilivyosema, na hakuna wa kucheka.

Kwa miaka mingi mamake Lemayian alikuja, akanywa chai, kisha akaniambia, "Haya, lete habari." Nilimpa zote, isipokuwa ile "hatujui" yangu. Siku moja, Naserian akiwa tayari ameolewa, nikamwambia na hiyo.

Aliweka kikombe chini.

"Ni mimi nilimfundisha asifiche," akasema.

Tangu hapo haulizi tena habari. Anakuja tu, tunakaa wawili, tukiangalia barabara.