Samaki wa Daktari kwenye Sahani ya Mchungaji

Dorca Aloo wa Kaloleni aliachia masomo darasa la nne, lakini kidole chake cha mwisho kilikuwa na digrii. Alikitia kinywani mwa fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, akapapasa meno ya kooni, akakwambia: huyu anakula majani, huyu konokono, huyu ni mwizi wa mayai ya wenzake. Sokoni Otonglo aliwauza kwa mafungu, kila ukoo na fungu lake. Wateja walimcheka. Si wote wanaingia sufuria moja?

Mwaka 1981 akatokea asiyecheka. Daktari Nasipwondi, mwanamke wa kwanza kwao kusomea jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hata kizazi, alichuchumaa mbele ya mafungu yale, akapiga kigelegele.

"Hawa wote walitoka kwa nyanya mmoja," alimwambia Dorca.

"Kama kwetu tu, Daktari. Mmoja fundi, mmoja mwalimu, mmoja mlevi. Kila mtu na sahani yake."

Daktari akayaandika maneno hayo. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Kisha mbuta, samaki mkubwa, mlafi yule asiyeshiba, akalimaliza ziwa. Fulu mmoja, mvunja konokono, ambaye Daktari alisema ni wa aina yake peke yake, akatoweka, na yule mmoja aliyehifadhiwa akaozea chupani. Wataalamu wenzake wakadai alimbuni. Mwaka 1993 ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu, na jina la mwongo mgongoni. Dorca aliumia kama aliyetukanwa yeye.

Jumanne moja, akichambua omena, wale dagaa, ufuoni Dunga, akakuta fulu mmoja kati yao; alipomtia kidole, kikagusa meno mapana, magumu, ya kuvunjia konokono. Alicheka mpaka wenzake wakadhani amepagawa. Akakimbia nyumbani, akamtia samaki kwenye bakuli la maji ya chumvi, akatoka mbio kwenda posta kumpigia Daktari simu.

Haraka haraka haina baraka: hakumwambia wifi yake, Milka. Mara akaingia Mchungaji Absalom, na nyumba ile mgeni halishwi sukumawiki samaki akiwa ndani. Milka akafanya lililompasa.

Dorca aliporudi, samaki alikuwa amelala juu ya ugali, kahawia, na kitunguu kifuani. Mchungaji alikuwa amefumba macho akibariki chakula. Alianzia kwa Adamu, na sasa ndiyo kwanza amefika kwa Nuhu. Bwana, usimharakishe, Dorca aliomba moyoni, akanyoosha mkono, akamnyakua samaki.

"Amina," akasema Mchungaji, akafumbua macho. "Yawa! Dorca! Samaki wangu?"

"Nisamehe, Mchungaji. Huyu ana kesi."

Daktari akaingia akihema. Alipomwona samaki, uso ukamshuka. "Dorca, amekaangwa."

"Nyama ndiyo imekaangwa. Moto wa Milka hauli mfupa. Tia kidole."

Daktari akatia. Akapapasa kooni. Halafu machozi na kicheko vikamtoka pamoja, akamkumbatia Dorca, akamkumbatia Milka, nusura amkumbatie Mchungaji, ambaye naye alitaka kutia kidole, akatia, akavua kofia.

Daktari alistaafu na jina lake safi. Samaki yuko kabatini chuoni, na lebo yake inasema: *Aliyemtambua: Dorca Aloo, Kaloleni. Hali: amekaangwa, na kitunguu.* Wanafunzi wapya huisoma wakaangua kicheko. Kisha mwalimu huwaambia watie kidole, na chumba kizima hunyamaza.