Viti vya Kuazima

Nina wivu, na nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mwema. Siku hizi nimepanga chumba Kigera, na kila nikipita Bweri na bodaboda nikaona mabati ya nyumba ile ya vyumba viwili, nageuza uso upande mwingine. Mabati yale yalipaswa kuwa ya mama yangu.

Tulikuwa na nyumba Kiriba, karibu na ziwa. Maji yalipopanda yaliingia shambani kwanza, kisha jikoni, kisha ukuta wa nyuma ukalala chini. Tukahamia Bweri, kwenye pagala la mfanyabiashara mmoja wa Bunda: kuta zimesimama, madirisha hayana kitu, juu turubai letu wenyewe. Hatukulipa kodi kwa sababu tulikuwa tunamlindia. Makubaliano yalikuwa kwamba siku akirudi kuendelea na ujenzi, tunatoka. Kwenye pagala la jirani aliishi mwanamke mwingine aliyefukuzwa na maji yaleyale, mjane aliyezidiwa umri kidogo tu na mama. Yeye katika kukimbia aliokoa viti vinne vya mbao na meza ndogo. Sisi tuliokoa sufuria na kuku watatu.

Ndipo ikatangazwa kwamba serikali itawajengea walioathirika. Nyumba zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi, kwa hiyo maofisa wa halmashauri wangepita kila kaya kuangalia nani ana hali ngumu zaidi.

Mwingine angevaa matambara siku hiyo. Mama yangu ni mzaliwa wa Butiama, na kwao mgeni hakalishwi chini. Asubuhi alifagia mpaka barabarani, akavaa kitenge chake cha kanisani, akachinja kuku, kisha akanituma kwa jirani.

"Kamwambie mdogo wangu atuazime viti na kimeza. Wageni wa serikali wanakaaga wapi hapa, kwenye tofali?"

Nilivibeba mwenyewe, viwili viwili, nikarudia meza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Walikuja maofisa watatu pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Walinawa, wakala, wakausifu mchuzi. Mmoja wao, kijana mpole, alikuwa na kishikwambi mapajani, anabonyeza huku anatafuna. Nilipoinama kuchukua sahani nikasoma: viti vinne, meza moja, chakula nyama. Nikamtazama mama nimpe ishara. Alikuwa anawaongezea ugali.

Kutoka kwetu walikwenda kwa jirani. Walikuta mkeka uliokunjwa na ukuta mtupu. "Huyu hana hata kiti," nilimsikia mmoja akisema kwa huruma, na huruma ile ilikuwa imeshiba kuku wetu.

Wiki kadhaa baadaye majina yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa. La jirani lilikuwemo. La mama halikuwemo. Jirani alilia, akamkumbatia mama, na mama naye akalia kwa furaha ya mwenzake. Mimi nilisikia wivu unanipanda mwili mzima kama homa. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilitaka tu asipate. Mwenyekiti akauliza, kama utaratibu unavyotaka, kama kuna mwenye pingamizi. Nikanyoosha mkono.

"Vile viti vilivyoandikwa kwetu ni vya kwake," nilisema. "Tuliviazima. Sisi ndio hatuna kitu."

Jirani aliinamisha kichwa, wala hakukana. Ofisa mmoja wa wale watatu akamgeukia mama.

"Mama, viti ni vya nani?"

Mama aliinuka taratibu, akakaza kitenge kiunoni.

"Ni vyangu," alisema. "Huyu mtoto ana hasira tu, mumsamehe."

Njiani nilitangulia mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Wangemfuta, na sisi wasingetuandika. Nyumba ingekwenda mtaa mwingine. Ungefurahi tukikosa wote?"

Ningefurahi. Naye alinizaa, alijua.

Nimewaza sana tangu siku ile. Serikali ina wajibu kwa kila aliyebaki bila paa, na bado iliwachukua wanawake wawili wasio na nyumba ikawapima kwa viti. Hasira yangu ilipaswa kwenda huko. Haikwenda. Ilimwendea mwanamke wa ukuta wa pili, labda kwa sababu yeye nilikuwa namwona kila siku akichota maji.

Viti vikabaki kwetu. Mama alishasema hadharani kuwa ni vyake, na jirani asingeweza kuja kuvichukua watu wakiona. Akahamia nyumba yake mpya na mkeka wake. Sisi tukakaa miezi chini ya turubai, tumeketi kama watu wenye uwezo.

Kisha mwenye pagala akaja na mafundi. Alikuwa muungwana, alitupa mpaka kesho yake mchana. Tulitoka na sufuria, kuku wawili, meza na viti vinne, na hatukuwa na pa kuviweka. Mama akatangulia. Nikamfuata.

Jirani alitupokea mlangoni bila kuuliza neno. Alivipanga viti sebuleni, vikaenea sawasawa. Mama akakaa, akavua kandambili, akanyoosha miguu.

"Karibu kiti, mwanangu," jirani akaniambia.

"Niko sawa hapa, mama mdogo," nikamjibu, nikabaki nimesimama nje ya kizingiti, nimemnunia mtu aliyenifungulia mlango. Nilisimama mpaka mvua ilipoanza kupiga mabati. Ndipo nikaingia, nikakaa.

Mama yumo humo mpaka leo. Na mpaka leo, akitaka kusogeza kimoja kati ya viti vile, anaomba ruhusa kwanza.