Swali la Dada Yangu Lilivyofika Mezani Kwangu

Siku ya kwanza kazini, karani mkuu, Mgoa, yaani Mhindi wa Goa, wa miwani mizito, alinikalisha mbele ya taipureta. Ilikuwa ofisi ndogo ya serikali mjini Thika, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na Mau Mau. Akaniwekea faili ya kijani, akasema nikiichezea nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ndani ya faili mlikuwa na maswali ya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mjumbe akitaka serikali ijieleze, aliandika swali. Liliteremshwa kutoka Nairobi hadi ofisi inayohusika, sisi tukaandika rasimu, ikapanda ngazi kwa ngazi hadi jibu likachapishwa. Swali la mdomo liliwatisha wakubwa, kwa sababu mjumbe angesimama na kuchimba zaidi. La maandishi lilijibiwa kwa karatasi tu.

“Hapa hatuandiki uongo,” karani mkuu alinifundisha. “Unajibu kilichoulizwa, basi.”

Nilijibu hivyo kuhusu barabara na mifereji ya maji, na sikuona ubaya.

Dada yangu Wambui aliishi Ruiru. Mumewe, Karanja, alikamatwa kwenye msako akapelekwa kambi ya kizuizini iliyokuwa karibu, na miezi ikapita bila habari. Wambui alimwendea mjumbe mmoja, mtu mwema, naye akaandika: je, kuna mtu aliyefariki ndani ya kambi ile, na kama yupo, jamaa zake wameambiwa?

Swali lilifika mezani kwangu pamoja na ripoti ya kambi. Karanja aliugua humo, akapakiwa kwenye lori la kwenda hospitali, akafa njiani kabla ya kufika Thika. Walikuwa wameshamzika.

Bwana mkubwa wa ofisi alisema niandike: “Hakuna aliyefariki ndani ya kambi. Kwa hiyo sehemu ya pili haihitaji jibu.”

Nikamwambia, “Bwana, huyu alitolewa humo akiwa mahututi.”

“Wameuliza habari za lori?”

“Hapana, bwana.”

“Basi piga taipu.”

Nikapiga, nakala tatu, bila kosa. Bwana hakujua kwamba Karanja ni shemeji yangu, nami sikumwambia. Nilikuwa nimeapa kutunza siri za ofisi, lakini kiapo si sababu. Niliogopa kufutwa, na niliogopa kambi.

Jibu lilipotoka, Wambui alikuja kwangu Thika na karatasi aliyopewa na mjumbe. Hakujua kusoma. Nilimsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia polepole.

“Wamekubali wenyewe kwamba yuko hai,” akasema, akacheka, akaanza kuuliza atampikia nini akirudi.

Watu walipoachiliwa, alikwenda kusimama kila mahali malori yalipowateremsha. Alikataa kuolewa tena. Mimi nilipandishwa cheo mara mbili.

Vijana mnaniuliza kama maswali yale yalisaidia. Nadhani yalimfaa mjumbe aliyekwisha kulijua jibu na kutaka tu serikali ilitamke. Asiyejua aliambulia karatasi. Faili nyingi zilipita mikononi mwangu, na sikumbuki moja iliyomrudishia mtu kitu.

Nilipostaafu nilikwenda Ruiru nikamweleza Wambui yote: ripoti, lori, taipureta. Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua hadi yakaisha.

“Kumbe ulikuwa unajua uliponisomea,” akasema.

“Nilikuwa najua.”

“Mara zote mbili.”

“Mara zote mbili.”

Akabandika sufuria motoni, akaniambia giza linaingia, niende nyumbani.